Diski Mbili za Mzani wa Ruhembe

Jumatatu asubuhi, Mikumi, Nashipai alivuta droo ya meza ya karakana yake akakuta bisibisi, nyaya na vumbi. Diski zake mbili za plastiki hazikuwemo. Ya kwanza ilibeba programu aliyoisumbukia kwa wiki kadhaa kwa asembli, lugha ya kuiamuru kompyuta hatua kwa hatua. Ya pili ilikuwa nakala yake. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

Alimpigia simu Debora Mkude, mjumbe wa kamati ya chama cha wakulima wa miwa, Ruhembe.

"Shikamoo, mama. Wameniibia."

"Marahaba. Usiguse kitu, nakuja."

Kompyuta ya mzani wa chama, kongwe kuliko Nashipai mwenyewe, ilikuwa imegoma kuamka. Programu ya kupimia ilikuwa salama. Kilichoharibika ni butloda, kipande kifupi cha baiti mia tano na kumi na mbili ambacho kompyuta hukisoma kwanza ikiwashwa, nacho ndicho huiita programu kubwa. Kamati ilitangaza kwamba atakayekiandika upya atakuwa mtunza mzani. Kompyuta yenyewe iliwekwa kwa Nashipai, na yeyote anayetaka angekuja kujaribia kazi yake. Onyesho mbele ya kamati lilikuwa kesho yake, ofisini Kilosa.

Debora alijifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuokoteza, na hakuwa mtu wa kusahau. Trekta la chama liliishia kwa shemeji wa mwenyekiti wa zamani; Debora bado aliikumbuka hata rangi yake.

"Safari hii hawali," alisema akikagua droo. "Kazi ilikuwa imekamilika?"

"Kabisa. Ilinitesa, mama. Kichwa cha kusomea diski kimechoshwa na vumbi la miwa. Ukikituma kuichukua programu ya mzani, safari ya kwanza kinapotea. Basi nikaiandikia butloda ikirudishe mwanzo, ikitume tena, hadi mara tatu. Sasa haikosi."

"Nani aliingia hapa Jumamosi?"

"Mzee Hussein, kuchukua redio yake. Mchana nilitoka kununua wali, mlango nikaurudishia tu."

Kijiji kizima kilijua maneno ya Hussein. Debora alimkuta Ruhembe, amesimama kando ya miwa yake iliyokatwa.

"Ulisema Nashipai, mtoto wa Sempele, hatashika mzani."

"Nilisema, na narudia. Ng'ombe wa baba yake walikula mahindi yangu yote, wakabakiza uzio."

"Ndiyo ukachukua diski zake?"

"Debora, una akili wewe? Miwa hii niliikata Ijumaa, niliposikia kazi yake imekamilika. Inazidi kukauka. Bila mzani nabaki na kuni. Huyo binti simpendi, lakini hiyo programu yake naiombea dua."

Debora aliitazama miwa. Majani yalikuwa yameshajikunja. Alimwomba radhi, jambo ambalo watu wa Ruhembe walikuwa hawajalisikia kutoka kwake.

Jumanne, Kilosa, kamati ilikaa. Kompyuta ilikuwa mezani, imeletwa kutoka Mikumi. Nashipai aliingia mikono mitupu; usiku mmoja haukumtosha kuandika upya. Yared, mshindani wake, kijana wa mjini mwenye shati lililopigwa pasi, alitoa diski moja mfukoni, akaichomeka, akawasha. Kompyuta ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Programu ya mzani ikafunguka. Wajumbe walipiga makofi.

Debora hakupiga. "Hongera, mwanangu. Uliiandikia wapi?"

"Kwenye laptop yangu, mama. Kuna programu inayoigiza kompyuta ya zamani. Niliijaribia humo."

"Hii yenyewe hukuigusa?"

"Sikuwa na haja. Mikumi sijafika tangu Pasaka."

"Hebu tuoneshe maandishi yake." Debora aliyasoma taratibu kwenye laptop. "Hapa inasoma diski, ikishindwa inarudi mwanzo, inasoma tena. Hadi mara tatu. Ya nini?"

Yared alitabasamu. "Hiyo ni kinga ya virusi. Ziada tu."

"Kama ni ziada, iondoe."

Aliiondoa kwa madaha, akaandika diski upya, akawasha. Kompyuta ilikoroma mara moja. Skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi.

"Huko kwenye maigizo yako," Debora alisema, "kuna vumbi la miwa?"

Yared alizidi kubonyeza kitufe cha kuwashia.

"Nipe kiti, kaka," Nashipai alisema. Aliirudisha mistari ile bila kutazama popote, huku akieleza kwa sauti kila mmoja unafanya nini. Programu ya mzani ikafunguka.

"Mtu aliyeandikia laptop asingekutana na tatizo hili hata angekesha," Debora aliwaambia wajumbe. "Diski ya pili iko wapi, Yared?"

Kijana alikaa chini. "Nyumbani. Nilipita Jumamosi, nikakuta mlango umerudishiwa. Mama, nilishawaambia wakwe kazi ni yangu. Siku ya posa imepangwa. Nilijaribu kuandika mwenyewe, nikashindwa, na siku zikawa zimekwisha."

"Nilijua," Debora alinguruma. "Tangu trekta lile. Apelekwe kituoni."

"Hapana, mama," Nashipai alisema. "Aniletee diski yangu. Halafu aende kwa wakwe, akawaambie yeye mwenyewe."

Yared alimtazama kama mtu anayetamani kituo cha polisi.

Jumatano, Ruhembe, jua lilikuwa zuri. Gari la kwanza kupanda mzani lilibeba miwa ya Hussein.

"Shikamoo, mzee," Nashipai alisema kutoka kwenye kiti cha mtunza mzani.

"Marahaba. Pima." Alikaza macho kwenye skrini mpaka uzito ukatulia. "Na ng'ombe wenu?"

"Wako mbali, Msowero."

"Wakae huko huko." Lakini alikuwa anacheka.

Nyuma yake dereva wa lori lililofuata alichungulia dirishani, akapaza sauti: "We mzee, mtunza mzani yuko wapi hapa?"

"Huyu hapa," Hussein alijibu. "Shuka kwanza, umsalimie."