Lori la Vitabu vya Mwaka wa Kwanza

Saa 2:15 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya kujalidi vitabu hakikuwa na dirisha. Kilinuka gundi. Wanaume wanne waliizunguka meza ya kukatia karatasi. Mezani kulikuwa na ramani iliyochorwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya zamani.

Aliyeichora aliitwa Mkuu. Alikuwa fundi wa maabara chuoni kwa miaka kumi, mpaka alipofukuzwa kwa kuuza hadubini. Mwembamba, mpole wa sauti. Waliomjua waliiogopa sauti hiyo kuliko kelele za wengine.

"Stoo ni hii," alisema. "Mzigo umeingia juzi. Maboksi tisini na sita. Kalkulasi, aljebra, fizikia, kemia. Vyote vya mwaka wa kwanza, vyote vipya."

"Vitabu," alisema Nyundo. Kazi yake ilikuwa kupiga watu, na mikono yake ilionyesha. "Mimi niliyevunja benki, leo naiba hesabu. Na shuleni zilinishinda."

"Benki ina bunduki nne. Stoo ina mzee mmoja getini. Mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka, hana maswali." Mkuu akamgeukia dereva. "Shemeji, lori?"

"Lina mafuta. Turubai ninalo."

Kila mtu alimwita Shemeji kwa sababu ndivyo Gundi alivyomwita. Alikuwa amemwoa mdogo wake Gundi. Gundi ndiye mwenye karakana. Baada ya wizi angekwangua mihuri ya chuo, angebadili majalada, mpaka vitabu visijulikane vilikotoka. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake alikwisha kuifanya. Ufunguo wa stoo ulikuwa mezani, mpya, unang'aa.

Mtunza stoo alikuwa dada yake mkubwa. Wazazi walipofariki, Dada aliacha shule ili Gundi asome. Jumapili iliyopita Gundi alikwenda kula kwake. Dada alipokuwa anampigia pasi shati, Gundi aliutoa ufunguo kwenye mkoba wa Dada, akaukandamiza kwenye kipande cha sabuni, akaurudisha. Kisha akavaa shati likiwa bado na joto, akashukuru.

"Una hakika hatakuwepo?" aliuliza.

"Mkutano wa wafanyakazi ni saa sita. Wote ukumbini," alisema Mkuu. "Unaniuliza mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Isifike ya nne."

Saa 6:04 mchana.

Mlinzi wa getini aliisoma fomu ya uhamisho kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari. Fomu ilikuwa kazi ya Gundi, na mhuri pia. Wanaume wanne walikaa ndani ya lori, wamevaa makoti ya bluu ya wapagazi.

"Tawi jipya, eh?" alisema mzee. "Na sisi huku wanafunzi wasome upepo?"

"Sisi tumetumwa tu, mzee wangu," alisema Shemeji.

"Haya. Mkitoka mnisainie."

Kizuizi kikapanda.

Saa 6:11 mchana.

Ufunguo uliingia, ukazunguka. Mlango wa stoo ukafunguka bila kelele. Gundi aliingia wa tatu, kofia imeshuka machoni, akasikia sauti anayoijua tangu utotoni.

"Nani amewapa ufunguo nyinyi?"

Dada alikuwa amekaa mezani, miwani puani, mhuri mkononi. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha wavu wa chuma, matundu yake madogo hata kidole hakipiti. Ndani, maboksi yamepangwa mpaka darini. Kwenye mlango wa wavu kulikuwa na kufuli kubwa, jipya. Mkuu alikwenda moja kwa moja kwenye kufuli lile, hakushangaa. Alijua lipo, na alijua nani ana funguo zake.

Gundi akaelewa.

"Ulisema yuko mkutanoni."

"Ningekwambia ukweli ungekuja?" alisema Mkuu.

Dada alivua miwani. Alimtazama mwenye kofia, akamtazama tena.

"Ni wewe," alisema. Halikuwa swali.

Nyundo alimfunga Dada kwa kamba kwenye kiti, mkono mmoja akauacha huru juu ya meza. Mkuu aliomba ufunguo wa kufuli kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwaka jana watoto kumi na wawili walisomea kitabu kimoja cha fizikia," alisema Dada. "Nimeandika barua miaka mitatu kuvipata hivi. Siutoi."

Nyundo alivunja kidole kimoja. Gundi aliusikia mfupa. Alipiga hatua moja, akaiona bastola kwenye mkono wa Mkuu, imeelekezwa chini tu, haina haraka. Akasimama. Kwenye kidole cha pili Dada alisema uliko ufunguo.

Saa 6:20 mchana.

Walibeba. Mkuu na Nyundo walitoa maboksi kwenye wavu, Gundi aliyapeleka nje, Shemeji aliyapanga. Gundi alipita mbele ya dada yake mara ishirini, mara thelathini. Hakumtazama. Alibeba kwa sababu kubeba kulikuwa rahisi kuliko kusimama. Dada naye hakulia wala hakumwita. Afadhali angemtukana.

Saa 6:38 mchana.

Alikuwa anarudi kuchukua boksi la hamsini na nne alipoisikia sauti ya Mkuu, chini chini, nyuma ya maboksi.

"Ametuona sura. Tukimaliza, baki naye dakika moja."

"Na ndugu yake?" aliuliza Nyundo.

"Atazoea. Asipozoea, utabaki naye pia."

Gundi alirudi nje mikono mitupu. Shemeji alikuwa juu ya lori, anavuta turubai.

"Wanataka kumuua Dada."

Shemeji aliendelea kuvuta.

"Umenisikia? Mkeo kanyonya ziwa moja na yule."

"Mimi ni dereva," alisema Shemeji, bila kugeuka. "Sijasikia kitu. Na wewe hujasikia. Una watoto, nina watoto."

Gundi alimwangalia mgongo. Miaka tisa walikula sahani moja. Akarudi ndani.

"Yamebaki ya kemia kule nyuma," alisema mlangoni kwa wavu. "Mazito. Yanataka watu wawili."

Nyundo alinung'unika, akainama. Mkuu akageuka kutazama. Gundi alivuta mlango kwa nguvu zote, akapitisha kufuli, akalibana. Likalia *ka!*

"Gundi," alisema Mkuu, kwa upole uleule. "Fungua, tuzungumze."

Gundi alikuwa tayari amepiga magoti kwenye kiti cha Dada, kisu cha kukatia karatasi mkononi. Ufunguo alikuwa nao Mkuu, lakini kufuli lilikuwa upande wa pili wa chuma. Nyundo aliuparamia wavu kwa bega. Haukutikisika.

Risasi ya kwanza ilimpata Gundi chini ya mbavu. Ilikuwa kama kupigwa teke. Alikiangusha kiti pamoja na Dada nyuma ya meza ya chuma, akaendelea kukata kamba akiwa amelala. Risasi ya pili na ya tatu ziligonga meza. Kisha bastola ikanyamaza, hapakuwa na wa kulenga tena.

Nje injini iliwaka. Shemeji alikuwa amesikia, na safari hii alikubali kwamba amesikia. Getini mzee alishusha kizuizi, akasimama mbele yake amenyoosha mkono. Lori halikupunguza mwendo.

Saa 7:05 mchana.

Polisi walimkuta mlinzi amekufa. Shemeji walimkamata njia panda, gurudumu limezama mtaroni, maboksi yametapakaa barabarani. Mkuu na Nyundo walitolewa kwenye wavu wamefungwa pingu.

Gundi alikuwa sakafuni, koti la bluu limelowa. Dada alikuwa ameubana mtandio wake kwenye kidonda kwa mkono wake mzima.

Afisa aliinama. "Mama, huyu ni wa stoo au ni wao?"

Gundi alimtazama dada yake. Neno moja tu lingemtosha. Mpagazi. Mfanyakazi mwenzangu. Hakuthubutu kuomba.

"Ni mdogo wangu," alisema Dada. "Yeye ndiye aliyewapa ufunguo."

Kalamu ikaandika.

"Na ndiye aliyewafungia, akanikatia kamba. Andika yote mawili. Usiache hata moja."

Walimbeba Gundi kwenye machela. Mlangoni aligeuza kichwa.

"Dada."

"Nenda," alisema. "Usiongee, damu itazidi."

Daktari alimwambia Dada naye apande gari la wagonjwa, vidole vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi. Alisema atakuja. Alivaa miwani yake, akaingia ndani ya wavu, akaanza kuhesabu maboksi yaliyobaki. Wanafunzi wangeripoti Jumatatu.