Daftari la Dada na Maji ya Shule

Kila siku nikitoka shule hukaa kwenye meza ambayo Mama hukatia vitambaa, nikafanya kazi zangu. Mama ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele ndicho sebule, ndicho karakana, ndicho maktaba yangu. Mwandiko wangu ni mzuri, nasema bila kuona haya. Darasa la sita zima wanajua, na ndiyo maana dada yangu ananiita Karani.

Jumatatu moja Dada aliingia na unga kwenye nywele na bendeji kwenye mkono wa kulia. Aliungua na trei ya mikate. Akakaa karibu nami, akatoa daftari la buluu, akaninong'oneza, "Karani wangu, leo nina kazi ya heshima. Mama asisikie."

Dada alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Tangu utotoni alitaka udaktari, lakini ada yake ilikuwa haishikiki, akachukua kozi ya kupima maji kwa kuwa ilikuwa nafuu. Alichagua kozi kwa bei, kama mtu anayenunua viatu. Bahati nzuri aliipenda. Kisha mwaka huu ada ikapanda tena, ikamkuta kwenye mafunzo kwa vitendo: wiki nane katika maabara ya maji ya mji, bila malipo yoyote. Mama alijua kwamba Dada anaoka mikate alfajiri, halafu anakwenda maabara. Kumbe baada ya wiki mbili tu aliacha kwenda, akawa anashinda kwenye mikate kutafuta ada.

Daftari lile lilitakiwa kueleza alichojifunza kila siku. Ijumaa hiyo, mwisho wa mafunzo, msimamizi wake angelitia sahihi. Bila sahihi, Dada angerudia mwaka.

"Tuko wanafunzi kumi na wawili pale," alisema tulipokwisha kuandika wiki ya tatu. "Mzee yule hata majina yetu hayajui. Haya, andika: wiki ya nne, Jumatano. Niliweka sampuli za maji kwenye kabati la joto la kuoteshea vijidudu, nyuzi thelathini na saba." Akasita. "Au arobaini na nne? Ah, chagua yoyote."

"Nichague mimi?"

"Andika bwana! Nani ataangalia?"

Nikaandika thelathini na saba, kwa sababu tarakimu ya saba huwa naipatia sana.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilikwenda bombani nikajaza kikombe changu. Ukutani pana karatasi niliyoiona mara mia: "Maji haya yamepimwa. Ni salama kwa kunywa." Chini yake pana sahihi ya mpimaji. Nikaikodolea macho. Je, na huyu alichagua yoyote?

"Vipi, umeona chura?" rafiki yangu akanitania.

Sikucheka. Nilimwaga maji nikashinda na kiu mpaka saa tisa, ulimi umekauka kama ubao.

Nyumbani, Dada alipofungua daftari niliweka kalamu chini. "Siandiki tena."

"Acha utani, Karani. Zimebaki wiki nne."

"Sitanii! Leo nimeshindwa kunywa maji kwa sababu yako!" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, machozi yakanitoka. Cherehani ikanyamaza.

Mama alikuja, akachukua daftari, akasoma ukurasa mmoja, wa pili. "Huu mwandiko naujua," alisema polepole, akamgeukia Dada. "Kumbe siku hizi zinabuniwa hapa mezani. Maabara huendi."

Dada akaangua kilio. "Ningefanyaje, Mama? Nikienda maabara sina ada, nikienda kwenye mikate sina mafunzo. Wenzangu watatu wameshaacha kozi."

"Ungeniambia."

"Kila nikikuuliza habari za ada unasema mambo yatakuwa sawa!"

Mama akainamisha kichwa. "Hapo umenipata. Ile cherehani ya pili niliyosema inatengenezwa kwa fundi, niliiuza kulipa ada yako. Nilikuficha usije ukavunjika moyo. Basi na tukaseme ukweli, sote watatu."

Jumatano saa tisa na nusu tulikuwa maabara, katikati ya rafu za chupa zenye vibandiko. Nilijibanza nyuma ya Mama. Dada alisimama wima, akamkabidhi msimamizi daftari.

"Shikamoo, mzee. Kurasa hizi za wiki ya tatu na ya nne ni uongo, nimemwandikisha mdogo wangu huyu. Nilikuwa nikioka mikate nipate ada. Naomba radhi."

Msimamizi alivua miwani. "Wewe ndiye uliyevunja chupa siku ya tatu, ukaja kunieleza kabla sijauliza. Nimekuwa nikijiuliza umepotelea wapi." Akachana kurasa zile taratibu. "Sahihi leo hupati. Ukitaka kurudi, kuoka unaweza kumaliza saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Njoo saa nne. Wiki sita utazianza upya, na likizo yako ndiyo imekwenda hivyo. Ada nayo, chuo hupokea kwa awamu ukiomba kwa barua. Wengi wanaona haya kuomba. Andika, nami nitakuunga mkono." Akatutazama sote. "Ada imepanda, na mzigo huo ni mzito kweli. Lakini ukidanganya kwenye mafunzo, utakuwa umelipia kazi usiyoijua, na watu watakunywa makosa yako. Mtu akikwama aseme mapema, asaidiwe."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye mwandiko, kabati la joto lina nyuzi ngapi?"

"Sijui," nilisema.

"Jibu zuri. Njooni muone."

Yalikuwa makabati mawili. Moja liliandikwa 37, la pili 44, kila moja kwa kipimo chake. Dada aliyatazama kwa muda mrefu, akaomba kalamu, akaanza kuandika kwa mkono wake wenye bendeji.

Muhula uliofuata karatasi mpya ilibandikwa pale bombani. Sahihi zilikuwa mbili, ya msimamizi na ya mwanafunzi aliyemsaidia kupima. Ile ya pili ilikuwa mbaya, imelala upande, na niliijua hata kabla sijasoma jina la Dada. Nikajaza kikombe, nikanywa, nikajaza tena.

"Kwani chura amehama?" rafiki yangu akauliza.

"Amehama," nikamjibu, nikampa kikombe naye anywe.