Pikipiki Iliyomzidi Modesta Kimo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Prisca alikuwa na kazi mbili: kumwagilia karoti nyuma ya nyumba, na kumsindikiza dada yake mpaka njia panda ya zahanati. Ile ya kwanza aliifanya huku amenuna. Ya pili aliipenda mno, kwa sababu dada yake, Modesta, alikuwa mkunga, na kila waliyekutana naye njiani alisimama kumsalimu. Prisca alijiweka sawa pembeni, akijifanya salamu zile zilikuwa zake pia.

Kijiji chao kiko juu huko Mgeta, katika Milima ya Uluguru. Nyumba ya jirani unaiona pale ng'ambo, lakini kuifikia ni lazima ushuke bonde zima kisha upande tena. Modesta alikuwa akiwafuata wajawazito vitongojini kwa miguu, begi begani. Wakati mwingine alifika hoi, na mama aliyemfuata alikuwa ameshajifungua bila mkunga. Siku kama hizo alirudi nyumbani amekosa raha, na chakula kilimshinda.

Kwa hiyo aliposema anataka pikipiki, hakuna aliyebisha. Alijifunza kwa pikipiki ndogo ya katekista Paulo, akaenda mjini Morogoro, akafanya mtihani na kupata leseni yake kihalali. Lakini pikipiki ile ndogo ilipofika kwenye mpando mkali, ikiwa na begi la dawa na mhudumu wa zahanati amekaa nyuma, ililia tu bila kusogea. Kazi yake ilihitaji pikipiki kubwa, na pikipiki kubwa Modesta hakuwahi kuiendesha hata siku moja.

Shauri likapelekwa kwa Mjomba Anselmi, kaka wa mama yao. Kwa Waluguru, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Anselmi alikuwa mkulima wa kabichi, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango, na aliwapenda wapwa zake kuliko kabichi zake, jambo ambalo si dogo.

"Nitainunua mimi," alisema. "Na nitaichagua mimi."

Hilo la kuchagua ndilo lililoleta taabu.

Jumamosi wakateremka watatu, mjomba na wapwa zake wawili, mpaka mjini, Mwembesongo, kwenye duka la pikipiki la Mikidadi. Mjomba Anselmi alipita katikati ya zile pikipiki mikono ikiwa nyuma, akizikagua moja moja. Modesta alisimama kando. Alilelewa hivyo: mpwa hakigusi kitu cha mjomba kabla mjomba hajakikabidhi kwa mkono wake.

Mjomba akafika kwenye kubwa kuliko zote, nyekundu, siti iko juu, matairi yana meno manene. Akaipanda. Miguu yake yote miwili ikatua sakafuni, na magoti yakabaki yamejikunja kidogo.

"Hii sasa ndiyo pikipiki!" alisema. "Hizo nyingine ni za kuuzia mayai."

Mikidadi alikohoa kwa adabu. "Mzee, ni vizuri dada mwenyewe apande, maana ndiye mwendeshaji."

"Atapanda nikishamkabidhi. Modesta, unaionaje?"

"Ukiipenda wewe, mjomba, na mimi nimeipenda," Modesta alijibu, macho chini.

Mjomba alifurahi. Akavuka barabara kumwona mtu anayeuza mbegu za kabichi, akawaacha wale ndugu wawili dukani. Alipotoweka tu, Mikidadi akasema, "Haya, dada, panda haraka tuone."

Modesta akachungulia barabarani, kisha akapanda. Vidole vya miguu vilifika sakafuni; nyayo hazikufika. Alipoinamisha pikipiki kidogo upande wa kushoto ili mguu mmoja utue vizuri, uzito wote ukamfuata. Pikipiki ikaanza kulala. Modesta akapiga kelele, Prisca akadaka usukani, na Mikidadi akaruka na kuikamata siti kabla haijafika chini.

"Hii inakuzidi, dada," Mikidadi alisema, akihema. "Huu ni usawa wa sakafu. Huko kwenu kuna makorongo." Akaonyesha nyingine nyeusi iliyokuwa pembeni. "Ile pale siti yake iko chini, na uzito wake unashikika. Injini yake ni ndogo kidogo kuliko ya hii, lakini mlima inaupanda na mzigo wake. Kwa mtu anayeanza pikipiki kubwa, ndiyo ningempa hata dada yangu wa tumbo moja."

"Mjomba ameshachagua," Modesta alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Prisca, usimwambie. Ataona namkataa yeye. Nitaizoea tu."

Prisca alikubali upesi, na tuseme ukweli, si kwa ajili ya dada yake tu. Shuleni alikuwa amemtambia Wilfred, mwanafunzi mwenzake, kwamba dada yake atakuja na pikipiki kubwa kuliko zote zilizowahi kupanda Mgeta. Ile nyekundu ingemfaa sana Prisca. Kwa hiyo mjomba aliporudi na kumuuliza, "Haya, mwanangu, dada yako nimemchagulia vizuri?", yeye alitabasamu na kujibu bila kupepesa:

"Vizuri sana, mjomba. Hata hapa kaipanda kidogo, imemkaa sawasawa, kama kazaliwa nayo!"

Mjomba alisahau hata kuuliza nani aliruhusu ipandwe, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Wakakubaliana na Mikidadi kwamba pikipiki itafungwa namba na kukatiwa bima, na wao wangerudi kuichukua Jumamosi inayofuata.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Kwanza, Modesta alipeleka buti zake kwa fundi viatu, akamwomba aongeze soli ya mpira wa tairi chini ya soli ya kawaida. Alirudi nazo zikiwa nene na nzito, akawa anatembea uani kama kuku aliyekanyaga tope. Mama yao alipouliza ni mtindo gani huo, Modesta alisema ni kwa ajili ya baridi. Prisca alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja.

Kisha siku moja baada ya shule alimsindikiza dada yake kwenda kumwona mjamzito kitongoji cha juu. Njia ile imechimbwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja ni ukuta wa udongo, mkono mwingine ni korongo. Walipofika kwenye kona kali, Modesta alisimama. Akatanua miguu na kukunja ngumi mbele yake, kana kwamba ameshika usukani. Akainua mguu wa upande wa korongo na kuushusha taratibu pembeni ya njia, kutafuta pa kukanyaga. Hakupapata. Upande ule ardhi ilikuwa chini zaidi, na soli zile zote hazikusaidia kitu.

Akarudisha mguu haraka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Dada, unaogopa?" Prisca aliuliza.

"Nitazoea," Modesta alisema. Lakini aliipita kona ile akiwa amejibana kwenye ukuta wa udongo.

Prisca aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Aliiona ile nyekundu ikilala kama ilivyolala dukani, ila hapa pasingekuwa na Mikidadi wa kuruka na kuidaka. Na ni yeye Prisca aliyesema imemkaa sawasawa. Jioni ile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa Mjomba Anselmi.

Alimkuta shambani, kwenye matuta yaliyopangwa kama ngazi, akipalilia kabichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako?"

"Mjomba, nilikudanganya." Prisca alianza kulia hata kabla ya kusema zaidi. "Ile pikipiki haikumkaa dada. Miguu yake haifiki chini. Ilitaka kumwangukia pale dukani, tukaidaka, na Mikidadi akatuonyesha nyeusi inayomfaa. Mimi nilisema vile kwa sababu nilitaka ile kubwa, nimtambie Wilfred. Na dada hawezi kukuambia. Anaogopa utaona amekukataa."

Mjomba Anselmi aliweka jembe chini. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, akiangalia mikono yake yenye udongo. Prisca alingoja kugombezwa, na ukweli ni kwamba angeona nafuu kama angegombezwa.

"Kwa hiyo mpwa wangu," mjomba alisema mwishowe, "ananiogopa mimi kuliko anavyoliogopa korongo."



"Na mimi nikaketi juu ya ile pikipiki na miguu yangu mirefu hii, nikaona imetosha. Nilikuwa najinunulia mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Umefanya vibaya kunidanganya, Prisca. Na umefanya vizuri sana kuja. Hayo yote mawili uyaweke moyoni. Sasa futa machozi, unamwagilia kabichi zangu chumvi."

Prisca alicheka huku machozi bado yanamtoka. Alipokuwa akishuka kwenda nyumbani alijikuta anakimbia, mwili mwepesi, kana kwamba ametua ndoo ya maji kichwani.

Jumamosi, Mjomba Anselmi aliingia dukani kwa Mikidadi na kwenda kusimama ukutani kabisa.

"Modesta," alisema, "leo mimi sipandi kitu. Panda wewe. Mimi nitaangalia miguu."

Modesta alimtazama mdogo wake. Prisca aliangalia dari. Kisha Modesta akapanda ile nyekundu, mjomba mwenyewe akiwa ameshika usukani, na mjomba akaona kwa macho yake vidole vya buti nene vikihangaika sakafuni.

"Shuka, mwanangu, shuka," alisema haraka. "Hivi ulitaka kufa kwa ajili ya heshima?"

"Nisamehe, mjomba."

"Na mimi unisamehe. Mikidadi, ile nyeusi iko wapi?"

Mikidadi alikuwa ameshaanza kuitoa nje. Hakutaka kuiuza pale pale. Aliwapeleka kwenye barabara inayopanda kuelekea mlimani, akafunga gunia la mchanga nyuma ya siti, na kumvalisha Modesta kofia ngumu.

"Kwenye tambarare kila pikipiki ni nzuri," alisema. "Panda mpaka katikati ya kilima. Simama. Weka mguu chini, tulia, halafu ondoka tena bila kurudi nyuma. Ukiweza hilo na mzigo, hii ni yako."

Modesta akaondoka. Katikati ya kilima akapunguza mwendo, akasimama, na wayo wake mzima wa kushoto ukatua barabarani. Pikipiki haikuyumba. Akakaa pale kitambo, kisha akaachia klachi polepole, na pikipiki na gunia lake ikapanda taratibu mpaka juu. Alipogeuza na kurudi, alikuwa anacheka ndani ya kofia. Akarudia tena na tena, hadi Mikidadi akasema mafuta yana mwisho.

Namba na bima zikabadilishwa, wakalala mjini, na siku iliyofuata Modesta akaanza safari ya kwenda nyumbani. Mikidadi alikuwa amemwonya asimbebe mtu yeyote mpaka mikono yake iizoee ile pikipiki. Kwa hiyo Prisca na mjomba walipata nafasi kwenye lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu, wakamfuata nyuma tangu Mzumbe, nje ya mji. Prisca hakuondoa macho kwenye mgongo wa dada yake. Kwenye kila kona alishika mkono wa mjomba.

Walipokaribia kwao, kwenye mpando mwembamba, lori jingine lililojaa karoti likatokea likishuka, likakaribia kuziba njia yote. Modesta alikuwa upande wa korongo. Prisca alifumba macho.

"Fumbua," mjomba alisema taratibu. "Angalia."

Modesta alikuwa amesimama. Mguu wake ulikuwa chini, umetulia, na pikipiki imenyooka. Lori la karoti likapita polepole, dereva akampungia mkono, na Modesta akampungia. Kisha akaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Prisca alishusha pumzi ndefu, na aliposikia mwingine akishusha pumzi kando yake, akatambua kwamba mjomba naye alikuwa ameibana yake.

Jioni ile ukoo ulikusanyika uani kwa mama yao. Mjomba Anselmi alishika ufunguo, akasimama mbele ya wote.

"Nyote mnajua nilitaka kumpa mpwa wangu pikipiki nyingine," alisema. "Ingemuumiza. Modesta alinyamaza kwa heshima, Prisca akadanganya kwa majivuno, na mimi sikuuliza kwa sababu niliona najua kila kitu. Makosa yalikuwa matatu. Aliyeyatengua ni huyu mdogo, kwa kusema kweli huku anaogopa. Nawaambia watoto wote mlio hapa: mkubwa wenu anapokosea, mwambieni kwa adabu. Kunificha jambo litakaloumiza mtu si kuniheshimu." Akamkabidhi Modesta ufunguo kwa mikono miwili. "Na kitu cha mtu kipimwe kwa mwenye kukitumia."

Watu wakapiga vigelegele. Mama yao alifuta macho kwa pembe ya khanga.

"Haya," mjomba akaendelea, sauti yake ya kuamuru ikiwa imerudi, "kesho asubuhi utaniwekea kabichi zangu nyuma, unipelekee gulioni."

Modesta aliubana ufunguo mkononi, akainua macho, akamtazama mjomba wake usoni.

"Hapana, mjomba," alisema. "Kesho nina wajawazito."

Mjomba Anselmi alibaki amefungua mdomo. Kisha akacheka, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Ndivyo hivyo!" alisema. "Ndivyo hivyo hasa."