Kochi Lilikuwa la Wawili

Rafiki yangu hatii chumvi kwenye maneno, na atakayemwita mwongo tutagombana. Kazi yake ni kuhamisha filamu kutoka kwenye diski za Blu-ray, zile zenye picha safi sana, kwenda kwenye kompyuta. Mjane mmoja alimletea diski aliyozoea kuitazama na marehemu mumewe.

"Mama, hii imechakaa kuliko soli ya kiatu changu!"

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Ikifa nayo, nitabaki na nini?"

Rafiki yangu akaihamisha. Yeye hakabidhi kazi bila kuitazama na mteja mpaka mwisho, basi mchana akaenda kwa mjane. Wakafunga mapazia mazito, wakaacha taa ikiwaka. Mjane akaketi kwenye kochi, pembeni kabisa. Rafiki yangu akavuta kigoda.

Filamu ikaisha, majina yakapita, kioo kikawa cheusi. Rafiki yangu akanyoosha mkono azime kioo. Ndani ya weusi ule mtu akakohoa, kisha sauti nzito ikasema, "Mama watoto, zima taa tuirudie."

"Mama, hiyo haikuwemo kwenye diski!"

Mjane alishasimama, anatabasamu. Akazima taa, akarudi kuketi.

Gizani rafiki yangu akasikia kochi likilia mara moja upande wa mjane. Kisha likalia tena, polepole, upande wa pili.