Ukilia Usipewe Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbona alikuwa na kazi ya kuosha nyuso. Nyuso zenyewe zilikuwa majani ya mmea wa shangazi yake: mapana, ya kijani iliyokoza, yenye mishipa myeupe kama chaki. Watu huuita mmea huo sikio la tembo. Mbona alipitisha kitambaa chenye unyevu juu ya kila jani, mkono mmoja ukilishika kwa chini lisivunjike, na mdomo nao ukifanya kazi yake ya kila siku.

"Shangazi, mbona majani yote yanatazama dirishani?"

"Yanafuata mwanga."

"Sasa mbona usiuweke nje kwenye jua?"

"Jua kali linauunguza. Unataka mwanga uliochujwa na pazia, na hewa yenye unyevu. Futa, mwanangu, utachelewa shule."

Bila shaka umeshajua jina la Mbona lilitoka wapi. Jina lake la kuzaliwa lilitumika shuleni tu.

Shangazi, aliyeishi nao nyumba moja, alikuwa fundi cherehani, naye alishonea palepale sebuleni, karibu na mmea wake. Kiazi ambacho mmea huo uliota alikichimba barazani kwa bibi yake Mbona, wiki ile nyumba ya bibi ilipobomolewa baada ya bibi kufariki. Vyombo viligawanywa, picha zililowa mvua zikaharibika. Kilichobaki mikononi mwa shangazi kutoka kwa mama yake kilikuwa kile kiazi. Ndiyo maana kufuta majani alimwachia Mbona, lakini kumwagilia hakumwachia mtu.

Ikawa hivyo mpaka binti yake aliyeolewa mji wa mbali alipojifungua. Shangazi alifunga mizigo harakaharaka, gari likapiga honi nje. Pale mlangoni aliweka mkono begani kwa Mbona, akamgeukia mama yake Mbona.

"Wifi, mmea namwachia huyu." Kisha akamwinamia Mbona. "Maji kidogo, udongo ukikauka. Na ukilia, usipewe maji. Uachwe tu mpaka unyamaze."

Dada yake Mbona alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu aliitwa Wakili, kwa kuwa hapakuwa na kosa nyumbani ambalo hakuweza kulitetea. Mbona alihisi uso ukimwaka moto. Ni kweli kwamba kila shangazi akisafiri yeye hulia, na mama humtuliza kwa glasi ya maji baridi. Lakini ndiyo asemwe mlangoni, mbele ya dereva? Alinuna. Na kwa kuwa alinuna, yeye aliyeuliza kila kitu, siku hiyo hakuuliza hata neno moja.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja alipokuja na kitambaa chake, aliona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya jani. Akalifuta. Alipokunywa chai na kurudi, tone jingine lilikuwa limejaa. Akatazama dari, haikuwa ikivuja. Akagusa jani kwa juu, lilikuwa kavu. Maji yale yalikuwa yakitoka ndani ya jani lenyewe! Mbona alitoa ulimi ayaonje.

"Wee!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Mmea huo utomvu wake unawasha. Uvimbe ulimi ushindwe kuuliza maswali, halafu mimi nani atanichosha? Kanawe mikono!"

Mbona alinawa mikono, lakini swali halikutoka kwa sabuni. Mbona mmea unatoa machozi? Alifikiri njia nzima ya kwenda shule, na aliporudi alikuwa na jibu lililomridhisha: mmea una kiu, tena unamlilia shangazi. Akaupa kopo zima la maji. Asubuhi iliyofuata matone yalikuwa mengi zaidi. Maskini, kumbe bado una kiu! Akaongeza kopo jingine. Sahani iliyokuwa chini ya chungu ikajaa pomoni, naye akaitazama kwa furaha, maana sasa mmea ulikuwa na akiba.

Hazikupita siku nyingi, jani la chini likageuka manjano. Likafuata jingine. Mbona akaongeza maji. Mashina yakalegea, majani yakaanza kulala chini, na sebule ikanuka kama dekio lililosahauliwa ndoani.

Jioni shangazi alipiga simu. "Rafiki yangu wa dirishani hajambo?"

"Hajambo," alijibu Mbona, akampa mama simu upesi kana kwamba imemchoma.

Wakili alimwona anavyogeuza chakula kwenye sahani bila kula. Alimvuta pembeni.

"Acha kujitesa. Sokoni magimbi yamejaa, na majani yake ni pacha wa hayo. Tunachomeka gimbi moja humo, shangazi akirudi tunamwambia mmea umenenepa."

"Na mishipa myeupe?"

"Tunasema imefifia kwa uzee."

Mbona alicheka bila kupenda. Kisha akakumbuka jinsi shangazi anavyosogeza kiti chake karibu na chungu kile, na jinsi wakati mwingine anavyousemesha mmea kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mama yake. Gimbi la sokoni halikuchimbwa barazani kwa bibi. Alipolifikiria hilo, aliona aibu kubwa. Alikwenda kwa mama akaomba simu.

"Shangazi, nilikudanganya. Mmea ni mgonjwa sana. Limebaki jani moja tu, na unanuka. Nimeuharibu."

Upande wa pili kitoto kichanga kilisikika kikilia kwa mbali.

"Ulilia?" shangazi aliuliza.

"Kidogo tu, siku ile ulipoondoka."

"Si wewe! Mmea! Mmea ulilia?"

"Ndiyo. Kila asubuhi. Nikaupa maji."

"Lakini si nilisema ukilia usipewe maji?"

"Nilidhani unanisema mimi!"

Shangazi akacheka, kicheko kilichokaribia kilio. Kumbe neno lile moja lilifaa kwa wote wawili. Ukilia wewe, ukilia mmea, masikioni ni kitu kimoja, na pale mlangoni hakuna aliyeuliza ni nani aliyesemwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema shangazi. "Mizizi hunywa maji hata usiku. Ikinywa kupita kiasi, yanayozidi hutokea kwenye ncha za majani. Yale si machozi ya kiu, ni ya shibe. Kudondosha kidogo si ugonjwa. Ubaya ni kuuongezea."

"Basi umekufa?"

"Sijui. Tutajua tukikiona kiazi. Mwite mama yako. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi, na usiizime simu."

Walitandaza magazeti sakafuni. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na ilipovutwa iliteleza ikabaki mkononi kama tambi zilizoiva mno. Kiazi nacho kilikuwa kimelainika upande mmoja. Mama alikikata kwa kisu safi, kipande baada ya kipande, Mbona akitangaza kila hatua.

"Bado kahawia. Bado. Bado kidogo... Shangazi, cheupe! Ndani ni cheupe, na ni kigumu!"

Shangazi alishusha pumzi kwa nguvu mpaka simu ikakoroma. Hata Wakili, aliyekuwa ameziba pua, alisogea kuona.

"Kiache kikauke siku mbili tatu," shangazi alielekeza. "Halafu ukipande kwenye udongo mwepesi. Changanya udongo na mchanga wa chembe kubwa, vipande vya mkaa na nyuzi za makumbi ya nazi. Chungu kiwe na tundu, na maji yasikae kwenye sahani."

"Na kumwagilia?"

"Tumbukiza kidole. Ukikuta unyevu, acha."

Kuacha ndiko kulikomshinda Mbona. Kila asubuhi alitumbukiza kidole, akakuta unyevu, akaweka kopo chini shingo upande. Jani la mwisho lilikuwa limeshaanguka, na chungu kilionyesha udongo mtupu.

"Mama, mbona huku kutunza ni kukaa bila kufanya kitu?"

"Unapima kila siku, halafu unasema hufanyi kitu?" mama alimjibu.

Shangazi aliporudi, Mbona alimpokea mlangoni. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Shangazi alipita na viatu vyake hadi dirishani. Mbona alibaki nyuma, maana yeye hakuwa ameona chochote. Shangazi aliinama, akapuliza chembe za udongo polepole. Katikati palikuwa na kitu kidogo, cha kijani hafifu, chenye ncha kama penseli iliyochongwa.

"Kipo," alisema, akaketi palepale sakafuni.

Alipotulia, alimvuta Mbona karibu. "Siku ile uliponipigia, kiazi kilikuwa kimebaki nusu. Ungengoja nirudi, ningekuta uji. Uliniambia ukweli mapema, ndiyo maana tulipata kitu cha kuokoa. Mtu akikosea aseme kungali na nusu iliyobaki. Tena siku nyingine usipoelewa, uliza, hata kama umenuna. Na mimi nitajitahidi kusema nikaeleweka."

"Ndiyo, shangazi."

"Vizuri. Mwakani nakwenda tena kumwona mjukuu wangu, na mmea nitakuachia wewe."

"Mimi? Mbona mimi, baada ya yote haya? Si bora umwachie mama?"

"Wa kuumwagilia sitamkosa," alisema shangazi. "Nataka yule ambaye ukiharibika, atanipigia simu."