Maziwa ya Jumamosi

Jumatatu saa nne asubuhi, watoto ishirini na watatu wa chekechea moja mjini Iringa walianza kutapika juu ya mikeka yao, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wametoka kunywa maziwa. Kufika saa nane mchana polisi walishamtia ndani mwendesha tangi wa kiwanda yalikotoka maziwa hayo, Malimi Ngolo, mfugaji wa Usangu aliyekuja mjini kutafuta mshahara. Eti alilala zamu ya Jumamosi, maziwa yakaharibika. Jumatano angepandishwa kizimbani.

Jumanne saa saba mchana Batuli Bushiri aliteremka kwenye basi la kutoka Mbeya, iliko ofisi kuu ya kampuni. Kazi yake ni kutunza seva inayopokea kumbukumbu za mitambo. Kila tangi lina kompyuta ndogo yenye betri. Joto likibadilika, swichi ikiguswa, kompyuta inaandika mstari na kutuma nakala Mbeya. Na swichi haikubali mpaka isome kidole: namba moja ni cha meneja, namba tatu cha Malimi.

Tangu Jumamosi saa 2:25 asubuhi tangi la Iringa lilikuwa bubu. Batuli aliuliza siku ileile, meneja akajibu mtandao umekatika, wanachimba barabara. Naye Batuli akaridhika! Njia nzima jambo hilo lilimkereketa.

Harufu ilimpokea getini. Lo! Ilikuwa ya maziwa yaliyoganda kwenye mfereji, chachu iliyochanganyika na kitu kama soksi zilizolowa. Batuli alijiziba pua kwa ncha ya mtandio.

Meneja Adrian alikuwa amejipulizia manukato mpaka macho yanawasha. "Pole na safari, dada Batuli. Karibu chai." Alimimina kikombe cha chai ya maziwa, akamsogezea. Yeye alijimiminia ya rangi.

"Jumamosi ilikuwaje?" Batuli aliuliza, kikombe hakukigusa.

"Umeme ulikatika saa mbili na dakika tano, ukarudi saa kumi na moja jioni. Jenereta lipo. Kazi ya Malimi ni kulisimamia tu, lakini wapi! Kalala. Halafu kafuta kumbukumbu zote za siku hiyo kwenye kompyuta, na huko Mbeya hamna kitu."

"Mtandao ulirudi lini?"

"Jana."

Simu ya Adrian ililia mezani, video ya harusi ya mtu ikaingia. Mtandao ulikuwepo, lakini tangi lilikuwa bado bubu.

Shufaa, mpima maziwa, alikutwa maabara akisugua chupa ambazo zilishatakata. Sahihi yake ilikuwa kwenye karatasi ya Jumatatu: maziwa salama.

"Ulipima?"

Shufaa alitazama sakafu. "Sikupima, dada. Bosi alisema kapima mwenyewe, nisaini tu magari yaondoke."

"Ukasaini chakula cha watoto hivihivi!" Batuli alisema. "Hayakuchemshwa?"

"Yalichemshwa. Lakini yakishashinda kwenye joto, wadudu wanaacha sumu. Ukichemsha wanakufa wao, sumu inabaki." Alifuta machozi kwa mkono wenye povu. "Na bosi hakuwahi kunywa chai ya rangi. Kaanza Jumapili."

Saa tisa na nusu Batuli aliingia chumba cha jenereta. Sakafu ilikuwa ya saruji, kavu, lakini magurudumu ya jenereta yalikuwa na udongo mwekundu. Kwenye mpini palining'inia kipande cha utepe wa dhahabu, kama wa mapambo ya sherehe. Kutoka hapo alikwenda kwenye tangi. Waya wa mtandao wa kompyuta ulikuwa umechomolewa na kusokomezwa nyuma ya boksi. Waya ule una kibanio; haudondoki wenyewe. Aliuacha palepale, akampigia Sajenti Andendekisye wa polisi.

Sajenti alipofika, wote waliitwa kwenye tangi. Adrian alikuja anacheka.

"Kumbukumbu zimefutwa, afande. Tutasoma nini?"

"Lililofutwa ni daftari la ndani ya kompyuta," Batuli alisema. "Nakala za Mbeya zina foleni yake, pembeni. Njia ikifungwa, kompyuta haizitupi. Inazipanga kwenye diski, inangoja."

Alichomeka waya. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Simu yake ilikuwa wazi kwa Lutengano, mwenzake wa Mbeya.

"Zinaingia, dada!" sauti ya Lutengano ilisikika. "Jumamosi. Saa 2:05, umeme umekatika. Saa 2:06, jenereta limewaka. Saa 2:25, mtandao umepotea. Saa 2:31, jenereta limezimwa, kidole namba moja. Saa 2:38, nyaya za jenereta zimetolewa. Saa 6:00, joto nyuzi kumi na nne. Saa 10:00, ishirini na mbili. Saa 11:20 jioni, kipoza kimewashwa, kidole namba moja." Akaongeza, "Namba tatu haipo siku nzima."

Cheko la Adrian lilikwisha.

"Jenereta lilikwenda wapi?" Sajenti aliuliza.

"Kalenga," alisema, sauti chini. "Sendofu ya mdogo wangu anayeolewa. Kamati ilinipa mimi kazi ya umeme. Spika, soda za baridi... Ningewaambia nini wageni? Malimi nilimwambia akapumzike."

"Na waya ukauchomoa kwanza, ili Mbeya tusione joto linapanda," Batuli alisema. "Sawa, umewapa wageni soda. Mbona maziwa hukumwaga?"

"Lita elfu mbili ningemwaga wapi? Ningeulizwa."

Astaghafirullah! Batuli alikwenda ofisini, akarudi na kile kikombe cha chai ya maziwa, utando umeshaganda juu. Akamnyooshea.

"Kunywa."

Adrian alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga tangi. Sajenti alitoa pingu.

Saa kumi na mbili jioni Malimi alitolewa mahabusu, viatu mkononi. Batuli alikuwa akimngoja mlangoni, akamweleza yote: foleni, vidole, saa. Malimi alisikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wanaendeleaje?"

"Wanapona. Wote."

"Nashukuru." Aliinama kuvaa viatu. "Lakini dada, hayo kwamba bosi alinirudisha nyumbani, mimi niliyasema Jumatatu. Mlingoja mashine iyaseme?"

Jumamosi Batuli alikuwa ameliamini neno la meneja bila mashine yoyote. Manukato ya Adrian yalikuwa bado kwenye mtandio wake. Aliuvua, akaukunja, akautia mfukoni.