Nisomee Yatafuta Makao

Nimekugawia chote, na bado ninacho chote. Ni nini? Usiumize kichwa, nitakwambia. Ni programu huria. Programu ni maagizo yanayoiambia simu au kompyuta la kufanya. Ikiwa huria, maagizo yake yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake, na mwenyewe hapungukiwi.

Basi palikuwa na mama mmoja, fundi wa programu. Watoto wakishaenda shule, alifuta makombo ya mkate mezani, akafungua kompyuta yake papo hapo. Mumewe, fundi umeme, alimtania: "Meza hii ina zamu mbili kama kiwanda."

Programu ya Mama iliitwa Nisomee. Unapiga picha ya karatasi kwa simu, nayo inakusomea kwa sauti. Aliianza kwa ajili ya kaka yake, ambaye haoni. Kaka huyo ni mpokea simu wa hospitali. Watoto wanamwita Mjomba, nasi tumwite hivyo. Kompyuta ya Mjomba huongea. Humtajia jina la kila kitufe anachofikia.

Nisomee ikapata watu wengi, wengi wao wasioona. Wakigundua kosa, walimwandikia Mama. Mafundi wa kujitolea wakasaidia kurekebisha. Maagizo ya programu na mazungumzo hayo yote yalikaa mahali pamoja kwenye intaneti, kama soko linavyokaa kwenye kiwanja. Siku moja wenye kiwanja wakatangaza: mwisho wa mwezi tunafunga, hameni.

Mama akatafuta. Akapata tovuti nyingine, ya kasi, vitufe vyake vyote ni vipicha vya rangi.

"Tazama, baba watoto! Hakuna hata neno. Picha tupu!"

"Inang'aa kama sufuria mpya," alisema Baba.

Mama akahamisha maagizo siku hiyo hiyo. Akatoa na toleo jipya la Nisomee. Siku zikapita bila lalamiko hata moja.

"Unaona?" alisema. "Watu wameridhika."

"Au wamelala," alijibu Baba.

Wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu. Jioni moja Mjomba alipiga hodi, bado amevaa sare ya kazini.

"Dada, una ugomvi na mimi?"

"Mimi? Kwa lipi, kaka yangu?"

"Umenifungia mlango. Natafuta pa kukuandikia, kompyuta inaniambia kitufe. Nasogea, kitufe. Nasogea tena, kitufe. Kitufe cha nini? Nikabonyeza kimoja kwa kubahatisha, nikaambiwa asante kwa kutoa nyota ya sifa."

"Nyota? Umempa nani, shemeji?" Baba alicheka.

"Sijui. Huko aliko, hongera zake." Kisha Mjomba akatoa pakiti ndogo ya dawa. Hakuwa anatania tena. "Hii dawa yangu ya presha. Acha Nisomee iisome."

Mama akapiga picha. Nisomee ikasema kwa sauti tamu: "Kidonge kumi na mbili, kila siku."

Mama akaitazama pakiti. Imeandikwa kidonge 1/2, yaani nusu. Toleo jipya lilikuwa limeumeza ule mstari wa katikati.

"Mimi naijua dawa yangu," alisema Mjomba. "Na aliyepewa leo hii?"

Mama akakaa chini. Watu ambao wangeligundua kosa hilo ndio aliowafungia nje. Wala hawakuwa wameridhika. Walikosa pa kusemea.

Kabla hata ya kupakua chakula, alirudisha toleo la zamani na kuwatumia watu wote onyo. Kisha akambishia jirani wa mlango wa pili, mkutubi anayetunza kompyuta za maktaba, naye akaja.

"Kabla ya kuhamia uliuliza nini?" aliuliza Mkutubi.

"Kama ni pa kasi."

"Na pazuri," Baba aliongezea.

"Kasi si mbaya, jirani. Ila uliza kwanza ni nani lazima aingie. Kisha mwache yeye aujaribu mlango. Wewe unaona, huwezi kumjaribia."

"Basi tuiweke kwenye kompyuta yetu, hapa hapa nyumbani," alisema Baba. "Umeme naujua."

"Unaujua, lakini ukikatika? Na wezi wa mtandaoni, nani atawazuia mkiwa kazini? Kama hamna wa kuichunga, wekeni kwa wenye kuchunga. Ila ulizeni pia habari za kuhama. Siku mkiondoka, mtatoka na nini?"

"Maagizo hayapotei," alisema Mama. "Kila fundi ana nakala yake."

"Na mazungumzo? Nani aligundua kosa gani, nalo lilirekebishwaje?"

Mama akashika kichwa. "Yamebaki kule kunakofungwa."

"Bado hakujafungwa. Wahi ukayachukue. Na funguo za akaunti anazo nani?"

"Mimi."

"Peke yako? Na ukiugua?"

"Tutampa nyota," alisema Mjomba. Hapo hata Mama akacheka.

Jumamosi Mjomba aliketi mezani na kompyuta yake. Mama akakaa pembeni, marufuku kusaidia. Wakaanza na tovuti kubwa yenye sifa kila mahali. Vitufe vyake vilitaja majina yao vizuri. Lakini Mama aliposoma masharti, aliona ukihama unaruhusiwa kubeba sehemu tu ya mazungumzo. Wakaiacha.

Wakajaribu nyingine, ya chama cha watu wa kujitolea. Sura yake kavu kama biskuti. Lakini ilizungumza: "Andika kosa. Tuma. Pakua vyote." Mjomba akaandika lalamiko lake la vidonge, akalituma bila kuuliza mtu.

"Ni ya polepole," alinong'ona Mama.

"Mlango ukinijibu, sina haraka nao," alisema Mjomba.

Basi wakahamia huko, na mazungumzo yote ya zamani. Mjomba akapewa ufunguo wa pili. Kosa la nusu likarekebishwa, na safari hii wasioona walilijaribu toleo kwanza, ndipo likatolewa kwa wote.

Haukupita muda, Baba akarudi kutoka kazini akamkuta mkewe anacheka mbele ya kompyuta.

"Kuna habari njema?"

"Malalamiko tele! Sikiliza hili: 'Mimi ni mwalimu mstaafu, sioni. Nimeingia mwenyewe, sikushikwa mkono. Sasa nisikilizeni. Programu yenu inasoma kama anayekimbizwa na mbwa. Ipunguzeni mwendo.'"

"Mkali huyo!"

"Mwache awe mkali," alisema Mama, vidole vyake tayari vinaandika jibu. "Yumo ndani."